Mbwa Aliyelia Siku Mbili Kimbo

Hebu fikiria ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili ya kujengea, nje ya kibanda cha kinyozi, hapa kwetu Kimbo, Ruiru. Mbele ya ubao weka jiko la makaa, na juu ya jiko birika kubwa lililogongwagongwa mpaka likabonyea pande zote. Nyuma ya jiko mweke Kaveke, mama wa makamo mwenye sweta ya kijani, ambaye hukumiminia kahawa ya tangawizi bila kukutazama usoni. Sasa waketishe watatu kwenye ubao. Wa kwanza ni Kinyanjui, tunayemwita Hansard kwa sababu hukumbuka kila neno ulilowahi kusema na siku uliyolisema. Wa pili ni Nzioki, aliyelinda lango la kiwanda kimoja Thika kwa miaka ishirini na mitatu. Yeye ni Sajini, ingawa jeshi hajawahi kulikaribia. Wa tatu ni mimi. Nilifundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka thelathini na minne, na hapa benchi jina langu ni Mwalimu. Ni Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi. Umeiona picha? Basi ongeza mbwa ambaye haonekani.

Mbwa huyo alikuwa amelia tangu Jumamosi mchana hadi Jumapili jioni, na asubuhi ile benchi halikuwa na habari nyingine. Nitakuambia mapema, maana sitaki uhangaike kama walivyohangaika wenzangu. Mbwa alikuwa wangu.

Mimi na mke wangu Beth tuliondoka Jumamosi asubuhi kwenda Gatuanyaga, mashariki ya Thika, kumposea mpwa wangu. Mbwa tulimfungia jikoni, ndani ya kizimba cha waya ambacho binti yetu Lynn alituletea, kile cha kukunjwa. Karatasi iliyokuja nacho ilisema mbwa asikae humo zaidi ya masaa manne. Nilijua tutapita hapo kidogo, nikajiambia kidogo si kitu. Lakini nyanya wa msichana hakufika siku ile, na wazee wakasema mazungumzo hayawezi kufungwa bila yeye. Tukalala. Msemaji wa upande wetu nilikuwa mimi, na msemaji haondoki. Jioni Beth aliniuliza, "Na mbwa?" Namba ya Sajini nilikuwa nayo kwenye simu. Ningempigia, angevunja kufuli na kumpa mnyama maji. Lakini angeingia jikoni akaona kizimba, na wiki mbili tu zilizopita mimi ndiye niliyewahutubia hapa benchi juu ya watu wanaofunga mbwa kwa mnyororo. Sikupiga.

Tulichokikuta Jumapili saa kumi na mbili jioni nitakieleza kwa maneno machache. Bakuli la maji lilikuwa limepinduka, na waya wa mlango ulikuwa na damu ya ufizi.

Sasa turudi kwenye ubao.

Sajini ndiye aliyeanza. Alisema kilio kile anakifahamu vizuri: mbwa akivuta sauti na kuinyanyua mwishoni, ameona mwizi ambaye bado hajafika. Hansard akataka kujua mbwa anapata wapi ratiba ya mwizi. Sajini akajibu kwamba mbwa hunusa nia, na nia hutangulia mwili kwa siku tatu au nne.

— Kwa hivyo kiwanda chenu hakikuwahi kuibiwa, Kaveke akasema.

— Kiliibiwa mara nne.

— Na mbwa je?

— Walikuwa wamelala. Lakini walilala na wasiwasi.

Hansard hakuridhika. Yeye alikuwa na yake, na macho yake yalikuwa kwenye ghorofa iliyo nyuma yetu, ile inayopakana na ukuta wa nyumba yangu. Alisema wapangaji wa humo huingia na kutoka na masanduku na hakuna anayejua wanafanya kazi gani. Kuna mmoja alihamia tarehe mbili, saa tano asubuhi, na pickup nyeupe. Huyo, alisema, anafuga mbwa bafuni na kuwauzia watu kwa simu.

— Ndani ya hiyo pickup kulikuwa na boksi, na boksi ilikuwa imetobolewa, Hansard alisema.

— Imetobolewa ya nini?

— Ya pua.

Kaveke alimwambia kwamba boksi za ndizi zote hutobolewa, na hata yeye anayo moja chini ya jiko. Hansard akamuuliza kwani mtu anahama na ndizi.

Kisha Sajini akaja na jambo kubwa zaidi. Alikuwa amelifikiria usiku kucha, na sasa alilisema polepole. Hakukuwa na mbwa kabisa. Ilikuwa spika. Watu wa siku hizi wakisafiri huacha sauti ya mbwa ikilia ndani ya nyumba, mwizi akiisikia atoroke. Na ushahidi wake ulikuwa kwamba sauti ile ilikuwa ikijirudia vilevile, mwanzo hadi mwisho, kama wimbo.

— Lakini jana jioni ilikuwa inapungua, Hansard akasema. Karibu sikuisikia.

— Si chaji ilikuwa inaisha.

Walicheka wote, hata Kaveke. Mimi pia nilicheka. Nataka ulijue hilo.

Hansard akanigeukia.

— Na wako, Mwalimu, hakusumbuliwa na hizo kelele?

— Tulienda naye Gatuanyaga, nikasema.

Neno lilitoka bila shida yoyote. Watoto wangu wa darasa la kwanza walipodanganya walikuwa wakitazama vidole vya miguu, nami nikijua papo hapo. Mimi nilitazama birika. Na nilikuwa nimedanganya mbele ya mtu asiyesahau kitu.

Mazungumzo yangeishia kwenye kicheko hicho na kila mtu angeenda zake. Lakini Hansard alisema mambo haya hayawezi kuachwa hivi hivi. Ghorofa ile hairuhusu wanyama. Imeandikwa kwenye geti kwa rangi nyekundu. Twende watatu kwa Gerishon, anayeitunza, tumwambie kuna mpangaji mpya wa orofa ya kwanza anayetesa mbwa. Gerishon hapendi maneno mengi. Mwisho wa mwezi mpangaji atakuwa ametolewa. Sajini alisahau spika yake mara moja na kukubali, akasema twende sasa hivi kabla Gerishon hajaenda sokoni.

— Mwalimu ndiye ataongea, Hansard alisema. Sisi tukiongea, Gerishon atadhani tumekunywa.

— Nitasema nini?

— Yale ulituambia juu ya mnyororo, Sajini akajibu. Hayo hayo. Unajua mimi wangu nilimfungua hiyo siku tu. Nilifika nyumbani nikamwangalia nikaona haya.

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Nilijaribu kupanga maneno. Ningeweza kusema tumsubiri Gerishon jioni. Ningeweza kusema hatuna hakika. Kila sentensi niliyoitunga kichwani ilikuwa nzuri, yenye adabu, na ilikuwa inanificha.

Hapo ndipo akaja mwanamke kijana ambaye hatukumfahamu, amevaa koti jeusi juu ya sare ya kazi, ameshika kikombe chake mwenyewe.

— Habari ya asubuhi, wazee. Mama, niwekee ya ishirini.

Kaveke alimuuliza anatoka wapi, kwa vile hajawahi kumwona. Alisema anaitwa Jentrix, na amehamia ghorofa hiyo hapo, orofa ya kwanza, hajamaliza mwezi. Sajini alijisogeza kwenye ubao kama mtu anayempisha mgeni, lakini hakumwambia aketi. Hansard alikohoa. Jentrix alipokea kahawa yake, akaipuliza, kisha akatutazama mmoja mmoja.

— Samahani, naomba niulize. Yule mbwa amekuwa akilia, kuna mtu anajua anaitwa nani?

— Si ni wako? Hansard akasema.

— Mimi sina mbwa. Huyo yuko chini ya dirisha langu, ng'ambo ya ukuta, ndani ya jikoni ya mtu. Niligonga geti Jumamosi, nikagonga tena jana, hakuna mtu. Sasa nikawa namwongelesha tu kwa dirisha. Nikiongea ananyamaza. Nikinyamaza, anaanza tena. Nilikaa hapo mpaka sauti ikakauka. Lakini sikuwa na jina. Nilikuwa namwita "wewe, wewe." Nikaona si vizuri, mtu yuko kwa shida na unamwita "wewe". Ndio nauliza, akilia tena nimwite vile anajua.

Ng'ambo ya ukuta ule kuna jiko moja tu. Wote pale wanalijua. Kaveke amewahi kupika ndani yake, siku ya sherehe yangu ya kustaafu.

Hakuna aliyenitazama. Hansard alianza kukichunguza kikombe chake kana kwamba kuna maandishi chini. Sajini alisema kitu kuhusu stima, kwamba jana ilipotea mara mbili. Kaveke alinyanyua birika akaniongezea kahawa, na kikombe changu kilikuwa bado kimejaa. Nilielewa wanachofanya. Walikuwa wamenifungulia njia. Ningesimama, niseme nina safari ya hospitali, na wangeniambia, "Haya Mwalimu, nenda salama," na jambo hilo lisingetajwa tena mbele yangu hata siku moja. Jentrix angeenda kazini bila jina. Na heshima yao kwangu ingebaki palepale, ila tangu siku hiyo wangekuwa wanaibeba wao peke yao.

— Anaitwa Pilipili, nikasema. Ni wangu. Hatukwenda naye.

Nikawaeleza. Niliwaeleza kizimba, karatasi ya masaa manne, nyanya aliyechelewa, usemaji wangu. Nilijisikia nikieleza vizuri, kwa mpangilio, na nikachukia jinsi nilivyoeleza vizuri. Niliponyamaza, Hansard alikuwa na kila haki ya kunirudishia neno langu la dakika kumi zilizopita, na saa niliyolisema. Hakulirudisha. Sajini ndiye aliyeuliza, na aliuliza kwa sauti ya chini sana.

— Namba yangu unayo?

— Ninayo.

Alitikisa kichwa mara moja.

— Yuko aje sasa? Jentrix akaniuliza.

— Amelala jikoni. Maji amekunywa. Kusimama hajataka.

— Pilipili, akasema taratibu, kama anayejaribu kiatu. Pilipili.

Sajini ana moyo mzuri kuliko ninavyostahili. Alianza kunitetea. Alisimulia jinsi kiwandani walivyokuwa wakimwingiza mbwa kwenye kizimba: wanaume wawili, gunia kichwani, na bado mmoja anaumwa mkono. Kwa hivyo, alisema, ukishapambana na mnyama hivyo mpaka akaingia, na watu wanakungoja safarini, huna nguvu ya kufikiria mengine. Mtu yeyote angefunga aende. Hansard aliunga mkono. Alisema lazima Pilipili alinisumbua sana, kwani ni mbwa mkubwa. Walikuwa wakinijengea kisa changu, kila mmoja akiongeza jiwe lake, na kilikuwa kisa ambacho ningeweza kuishi nacho.

Jentrix alikuwa amemaliza kahawa. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza tu kama mtu anayetaka kujua.

— Na alikubali aje kuingia?

Sasa walinitazama wote. Walikuwa wakingoja niseme habari za gunia, au kamba, au kuumwa mkono. Kaveke aliinamisha birika juu ya kikombe cha Hansard, likatoa matone mawili, akasema kahawa imeisha. Jentrix aliaga, akaenda zake kazini. Kwa Gerishon hakuna aliyekwenda.

Sikumjibu pale, kwa hivyo nakujibu wewe. Lynn alipoleta kizimba, nilikaa majuma matatu nikimfundisha Pilipili, kama nilivyowafundisha watoto wadogo kuingia darasani bila kusukumana. Niliacha mlango wazi. Niliweka kipande cha ini ndani, nikakaa mbali. Sikupaza sauti hata mara moja. Akiingia hatua moja, nilimsifu kwa hatua moja. Beth alisema hajawahi kuona mtu mwenye subira kama ile. Jumamosi hiyo nilikuwa nimevaa suti, viatu vimeng'arishwa, gari linapiga honi barabarani. Nilifungua kizimba nikasema, "Ingia."

Ukisahau majina yetu, si neno. Ukisahau benchi na birika, si neno. Nakuomba ukumbuke jambo hili moja tu. Aliingia mwenyewe. Akageuka, akaketi, akanitazama, akingoja nimsifu. Nami nikamsifu, nikafunga mlango.