Mkaguzi Aliyetembea Wima

Wasifu huu nimeuandika mimi, mdogo wake wa kike. Ndugu waliniomba niwe mfupi na nisiseme mengi ya ofisini kwake wala ya ugonjwa wake. Kwa ufupi nitajitahidi.

Marehemu kaka yetu alizaliwa asubuhi ya tarehe 14 Machi 1963, mtoto wa kwanza wa fundi wa reli na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Mama alisimulia kwamba hata kunyonya alinyonya huku amekodoa macho, kana kwamba anashuku maziwa yametiwa maji.

Alianza shule ya msingi Januari 1970, akamaliza sekondari mwaka 1981 na kupata cheti cha utawala mwaka 1984. Miaka hiyo, kila siku ya kufua mashuka mimi nilikuwa naumwa tumbo. Siku moja aliweka mkate wa siagi karibu na kitanda changu, akajibanza nyuma ya pazia. Nilipoumega tu, akachomoza. "Mama! Njoo uone tumbo linalouma siku za kufua!" Ni kweli nilikuwa naongopa, lakini tangu hapo hakuniamini hata nilipovunjika kidole.

Tarehe 2 Juni 1986 aliajiriwa katika mfuko wa umma wa bima ya ulemavu, akapanda hadi kuwa mkaguzi mkuu wa maombi. Alipoanza, waombaji wa siku nzima walienea kwenye benchi moja. Miaka ya baadaye foleni ilizunguka jengo, na wakubwa wakawa wanarudia wimbo ule ule kwamba watu wamezidi, gharama zimepanda, mfuko utakauka. Kaka alikuwa na jibu lake, kwamba wengi ni waongo. Alihamisha meza yake karibu na dirisha linalotazama geti, ili amwone mwombaji kabla mwombaji hajajua anaonwa. Wapo aliowanasa, tena wengi. Kuna bwana mmoja aliyeingia kwa magongo mawili akatoka mbio kuwahi basi, magongo yakabaki kwenye benchi.

Mwaka 1991, tarehe 20 Aprili, alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili. Alikuwa amempelekea suruali moja mara tatu ili amchunguze tabia. Mara ya tatu wifi yangu alimwambia, "Kaka, nikiipunguza tena hii itakuwa kaptula. Sema shida yako." Ni wifi huyo huyo aliyembishia kwa miaka yote. "Kiwanda cha magunia kimefungwa," alimwambia mbele yangu. "Watu wamebeba mizigo mle miaka ishirini. Migongo yao waipeleke wapi kama si kwenu?" Kaka alimjibu kwamba mgongo ndio ugonjwa rahisi kuigiza.

Mwishoni mwa mwaka 2022 ulianza kumuuma wa kwake. Alificha mpaka akawa hawezi kukaa kitini kwa saa nzima, ndipo akajaza fomu ile ile aliyowapa wengine. Tarehe 7 Februari 2023 nilimsindikiza. Tulipofika getini nikamwambia, "Kaka, shika bega langu."

"Niachie," alisema. "Yuko dirishani. Nikichechemea atasema naigiza."

Basi akatembea wima kutoka getini hadi mlangoni, jasho likimchuruzika hadi kwenye kola. Dirishani alikuwepo binti ambaye kaka mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Aliandika, "Mwombaji anatembea bila shida," na ombi likakataliwa. Nilitaka tukate rufaa, nikamwita binti yule majina yote ninayoyajua. Kaka alinikatiza. "Ningekaa pale mimi, ningeandika hivyo hivyo." Kesho yake akarudi kazini. Binti huyo namwona amesimama kule nyuma. Karibu ukae, mwanangu, viti vipo.

Mwezi Julai alianguka kwenye ngazi za ofisi, akalala nyumbani wiki tatu akisema hawezi kuinuka. Hapa ndipo nilipoombwa ninyamaze. Tulipoingia chumbani alitutania na kucheka, nami nikaanza kushuku. Wifi aliponiuliza kama tumpeleke hospitali, nilimwambia, "Subiri kwanza, unamjua kaka yangu. Anadeka huyo, hataki tu kurudi kazini." Alasiri moja nilitoka, nikakumbuka nimesahau mkoba, nikarudi na kusimama nje ya mlango wake. Akidhani yuko peke yake, alikuwa akilia, mdomo ameuzika kwenye mto ili tusimsikie.

Tulimpeleka siku iliyofuata. Daktari alisema ni saratani ya mifupa, imeshaenea, na akauliza tulikuwa tunangoja nini. Wifi hakunitazama. Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Septemba 2023, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sitini.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, na mimi. Mungu amlaze pema, asiulizwe tena cheti cha daktari. Na nyinyi mliokuja leo mkiwa bado na shaka, nawasihi mniamini mimi niliyesimama pale mlangoni: alikuwa anaumwa kweli.