Shingo Niliyoambiwa Niikaze

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na wanaoimba, na asifiwe pia na yule aliyeketi kule nyuma akiwa amefumba macho kwa sababu mwanga wa madirisha unamchoma. Simjui jina, lakini ninamjua. Kwa miaka mingi kiti kile kilikuwa changu.

Nimesimama kushuhudia juu ya kichwa changu na shingo yangu. Najua ushuhuda wa namna hii huonekana mdogo mbele ya watu waliotolewa katika vinywa vya makaburi. Naomba mnivumilie, kwa maana ugonjwa huu haukuniumiza tu. Ulikaribia kunisadikisha kwamba mimi ni mtu wa chuki, na mtu akishasadiki hivyo juu yake mwenyewe huanza kuishi hivyo.

Mnanifahamu kama mwalimu wa Kiswahili. Wazazi wangu walihamia Eldoret kutoka mkoa wa Kati kabla sijazaliwa. Baba alifariki mapema, na mama akabaki akishona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba yetu kule Langas. Cherehani yake ndiyo iliyonipeleka chuo kikuu. Nilipopata shahada aliipaka mafuta, akaifunika kwa kitambaa cheupe, akaiambia, "Na wewe pumzika leo, umehitimu."

Kisha ukaja uchaguzi ule wa mwaka 2007, na machafuko ya kikabila yaliyoufuata. Sitayasimulia yote. Waliokuwapo wanajua, na waliokuwa wachanga wataulizia nyumbani kwao. Nitasema tu kwamba asubuhi moja nyumba ya mwisho katika ujia wetu ilikuwa ikiwaka, na mama alikuwa amepiga magoti akifungua skrubu za cherehani. Meza yake tungeiacha. Kichwa chake, ule mwili wa chuma wenye sindano, hangekiacha. Alikiviringisha ndani ya blanketi pamoja na unga na sufuria, akafunga kamba, akaniambia niiname.

Ndugu zangu, wanawake wa kwetu hubeba mzigo mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, na uzito wote hushikwa na shingo. Paji la mama lilikuwa na bonde dogo lililochimbwa na kamba tangu usichana wake. Mimi nilikuwa sijawahi kubeba hivyo. Nilikuwa mtoto wa vitabu. Mama alinivalisha ile kamba, akaikaza, akasema, "Kaza shingo, mwanangu. Ukiilegeza, mzigo utakurudisha nyuma."

Tulitembea. Kwenye mtaro wa maji machafu mguu wangu ukateleza, mzigo ukanivuta, na kichwa kikarushwa nyuma kwa nguvu. Nilisikia mlio ndani ya shingo, kama kijiti kibichi kinapovunjwa. Mama hakunigusa, kwa kuwa mikono yake nayo ilikuwa imejaa. Alisema tu, "Simama. Kaza shingo." Nikasimama, nikakaza. Siku ile sikusikia maumivu yoyote. Hofu nayo ni aina ya ganzi.

Katika kambi tulilala ndani ya hema lililovuja. Mama alianza kukohoa. Kuna mwalimu mwenzangu, Jepkosgei, mzaliwa wa Soy, ambaye alikuwa akija kututazama akiwa na kibuyu cha maziwa lala, yale ya mgando. Kwao walimuuliza anawapelekea nini maadui. Kambini walimuuliza maziwa hayo yametiwa nini. Mama aliyanywa mbele yao wote, akafuta mdomo, akasema, "Kama ni sumu, basi ni sumu tamu. Niongeze." Hata waliokuwa wamenuna walicheka.

Mvua zilipozidi, mama alifariki pale pale kambini, kichwa cha cherehani kikiwa kando ya godoro lake. Jepkosgei alisimama nami kaburini. Sikulia. Nilikuwa nimekaza.

Mwaka uliofuata nilirudi kufundisha, na maumivu yakanijia. Yalianzia chini ya fuvu upande wa kushoto, yakapita nyuma ya sikio, yakatua juu ya jicho kama msumari. Mwanga ukawa adui. Chaki ikigusa ubao, tumbo lilinigeuka. Ninyi mwayaita maigreni, au "kichwa" tu. Mimi, kwa kazi yangu, nililijua jina lake la asili, kipandauso, na nililifundisha darasani kama mfano wa maneno yaliyoungana. Sikuwahi kujiuliza kitu kinachopanda kimeanza kupanda kutoka wapi.

Hospitalini nilisema, "Kichwa kinaniuma," nikapewa dawa za kichwa. Nilibadilishiwa miwani. Nilipigwa picha ya kichwa, nikaambiwa kichwa ni kizima kabisa. Nikaendelea kumeza vidonge hadi vyenyewe vikawa sehemu ya ugonjwa, maana hilo nalo huweza kutokea. Na jibu lile la kwamba hakuna kilichoonekana ndilo nililolileta hapa kanisani.

Mama Kiongozi wa maombi ameketi hapa mbele leo, na amenipa ruhusa niseme haya. Aliweka mikono yake shingoni mwangu ili aniombee, akashtuka. "Mwalimu," akasema, "shingo hii ni ngumu kama mti. Kuna mtu hujamsamehe." Kina mama wote wakaguna kwa kukubali. Katika Maandiko sote tumesoma habari za watu wenye shingo ngumu na jinsi walivyomchosha Mungu. Mama Kiongozi hakukusudia ubaya. Nyumba yake pia ilichomwa, naye alikuwa amepigana na chuki yake kwa kufunga na kuomba hadi akaishinda. Alinipa dawa iliyomponya yeye.

Lakini tangu siku hiyo neno shingo likawa kwangu neno la dhambi. Sikulitamka tena. Nilikwenda kwa madaktari wengine, nikawaeleza jicho, nikawaeleza paji, nikawaeleza kutapika. Shingo niliificha kama mtu anavyoficha kosa. Nani angekwenda hospitali kumwambia daktari kwamba ana shingo ngumu?

Nikaanza kumtafuta huyo nisiyemsamehe. Waliochoma nyumba yetu sikuwajua. Sikuona nyuso, niliona moshi. Chuki, ndugu zangu, haiwezi kukaa bila uso. Uso niliokuwa nao karibu ni mmoja, na ulikuwa uso wa Jepkosgei.

Nawaambia ukweli. Kila kipandauso kilipokuja nilijiambia, ni yeye. Yeye ndiye ninayemchukia bila kujua, kwa sababu ni wa upande wao. Nikaacha kunywa chai naye. Akinisalimu, nilijibu nikiwa natazama vitabu. Katika chumba cha walimu alikaa kushoto kwangu, upande ule ule wa maumivu, na hilo nalo nikalichukua kuwa ishara. Mtu aliyetuletea maziwa kambini, nikamfanya kuwa ugonjwa wangu.

Miaka ikapita hivyo. Alivumilia. Kisha akapata uhamisho kwenda shule iliyo karibu na kwao, Soy. Siku ya kuaga walimu, baada ya chapati na soda, alibaki kwenye kiti chake hadi wengine walipotoka.

"Mwalimu," akasema, "leo kabla sijaenda, niangalie tu."

"Si nakuangalia."

"Unaangalia kabati. Hata punda akiitwa hugeuza shingo. Wewe unageuka mzima mzima kama lori, ama hugeuki kabisa. Mama yako alikunywa maziwa yangu. Mimi nilikukosea nini?"

Nilitaka kumgeukia. Nawaapia nilitaka. Nikajaribu, na shingo ikagoma, na maumivu yakapanda hadi jichoni.

"Haigeuki," nikasema.

"Nini haigeuki?"

"Shingo."

Lilikuwa neno dogo, nami nilikuwa nimeliogopa miaka yote ile. Jepkosgei alikuja akasimama nyuma yangu, akanishika kichwa kwa mikono miwili, taratibu, kama unavyoshika mtungi usiojua una ufa wapi. Akajaribu kukigeuza kushoto. Hakikwenda. Akaanza kucheka, na kicheko hicho kikageuka katikati kikawa kilio.

"Na mimi nimekuombea miaka yote hii Mungu akulainishe moyo," akasema. "Kumbe ni mfupa."

Alinipeleka hospitali yeye mwenyewe kabla ya kuhamia Soy. Daktari hakuniuliza kinaniuma wapi. Aliuliza kinaanzia wapi. Nikaonyesha paji la uso. "Hapo ndipo kinapoishia," akasema. "Kinaanzia wapi?" Nami nikaweka kidole chini ya fuvu, upande wa kushoto, mahali ambapo sikuwahi kumwonyesha daktari yeyote.

Picha ya shingo ilionyesha pingili za juu zilizoumia zamani na kukakamaa. Alinieleza kwamba mishipa ya fahamu inayotoka juu ya shingo na ile ya uso huingia kwenye ubongo mahali pamoja, kama barabara mbili zinazokutana kwenye mzunguko mmoja, hivyo taabu ya shingo huweza kusikika kama taabu ya jicho, na kwa mtu mwenye kipandauso huweza kukiamsha. Alinionya pia, nami naupitisha kwenu onyo hilo, nisiende nikiwaambia watu kwamba kila kipandauso hutoka shingoni. Wapo wenye kipandauso ambao shingo zao ni nzima. Wapo ambao shingo huuma kwa sababu kipandauso kimekwisha kuanza. Mimi nilikuwa na yote mawili, kipandauso na shingo iliyokichokoza. Alinipunguzia vidonge, akanipa dawa nyingine, akanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Hapo ndipo Bwana alinikuta, ndugu zangu. Si madhabahuni. Nilikuwa nimelala chali juu ya kitanda chembamba, kichwa changu kikiwa mikononi mwa mtu nisiyemjua, naye akiniambia, "Legeza."

"Nimelegeza," nikajibu.

"Hapana, Mama, umekaza. Nipe kichwa, mimi nimekishika."

Sikuweza. Nilijaribu, na kila nilipojaribu niliona mtaro ule na nikasikia mzigo ukinivuta. Akauliza, kwa mzaha tu, "Kwani nani alikuambia uikaze hivi?"

Nikajua ni nani. Mama aliniambia nikaze shingo mpaka tufike. Tulifika. Akafa kabla hajaniambia nitue. Mimi, mtoto mtiifu, nilikuwa bado natembea. Nililia pale kitandani kilio ambacho sikulia kaburini, na yule mtaalamu akaendelea kukishika kichwa changu hadi uzito wake wote ukamwangukia.

Sikuponywa siku ile. Nisije nikawadanganya ndani ya nyumba ya Bwana. Nilifanya mazoezi kwa miezi mingi, na bado nayafanya. Kipandauso hunijia hata leo, ingawa kwa nadra, na kikija nazima taa na kungoja kipite. Nilichofunguliwa ni kile kifungo kingine. Maumivu yangu hayakuwa hukumu. Msiniulize kama nimesamehe waliochoma Langas. Siku nyingine nadhani nimesamehe, siku nyingine nasikia harufu ya moshi na sijui. Hilo ni jambo baina yangu na Mungu, na halisomwi kwenye shingo.

Shingo ilipoanza kulegea nilikwenda Soy. Jepkosgei alinikaribisha kwenye baraza ya nyumba yake, akavuta kiti akakiweka kushoto kwangu kwa makusudi, akasema, "Haya, lori. Tuone."

Niligeuza shingo. Polepole, na si mpaka mwisho, lakini ilikwenda. Nikamwona. Ndugu zangu, nywele zake zilikuwa nyeupe. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Kope la jicho moja lilikuwa limeanza kulegea. Nilikuwa nimeketi kando yake miaka yote ile, na nilikuwa nabeba ndani yangu uso wa yule msichana wa kibuyu.

"Umezeeka," nikamwambia.

"Nilizeekea hapo kando yako," akasema. Kisha akaenda kuleta maziwa.

Miaka hiyo hairudi. Hiyo ndiyo huzuni ya ushuhuda wangu, na sikuja kuifunika. Namshukuru Mungu kwa daktari, kwa mikono iliyonishika kichwa, na kwa mwanamke aliyeniombea moyo huku nikimtuhumu. Namshukuru Mama Kiongozi, ambaye siku hizi, kabla hajaweka mkono juu ya mtu, humuuliza kwanza, "Umeanguka mahali?"

Na wewe uliyefumba macho kule nyuma. Mwamini Bwana, na umwambie daktari panapouma, pote, hata pale ulipoambiwa ni dhambi. Kama kuna mtu aliyekuambia ukaze na hakubaki kukuambia vinginevyo, basi nakuambia mimi kwa niaba yake, kama ninavyojiambia kila asubuhi ninapokifunua kichwa cha cherehani ya mama: tumekwisha kufika. Tua.