Sentensi Ambayo Mzee Thibitisha Aliiogopa

Ndugu waombolezaji, marehemu baba yetu, ambaye wengi mlimzoea kwa jina la Mzee Thibitisha, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akamaliza sekondari mwaka 1970, na tarehe 2 Oktoba 1981 akaajiriwa chuoni kufundisha wanafunzi wa uzamili misingi ya falsafa katika maadili, lugha na elimu, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini, katika chumba namba kumi na nne, ambamo kila aliyefungua mdomo aliambiwa, "Thibitisha," hata aliyesema mvua inanyesha.

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 17 Desemba 1983, wakajaliwa watoto watatu, na mama anasema siku baba alipomtamkia kwamba anampenda, yeye mama alimjibu, "Haya, thibitisha."

Kila mwaka aliwaagiza wanafunzi wapya waandike historia zao za kusomwa msibani, kisha wafute kila wasichoweza kukithibitisha, kwani alishikilia kuwa maadili huanzia pale unapomsema asiyeweza kukujibu. Yeye naye aliandika yake, ndiyo tunayoifuata hapa, na ndani yake tumekuta sentensi moja aliyoifuta na kuirudisha mpaka karatasi ikatoboka.

Mwaka 1994 alikuwa na mwanafunzi, mwalimu wa darasa la pili, aliyeandika tasnifu kwa lugha nyepesi na safi, kiasi kwamba baba alisema mwalimu wa watoto wadogo hawezi kuandika hivyo, ameiba, na tarehe 6 Juni mwalimu yule akafukuzwa chuo. Baba alikitafuta mwaka mzima kitabu alichodai tasnifu ile imeibwa humo, akajua hakipo, akanyamaza, kwa kuhofia kazi yake, na tangu hapo mlango ukigongwa alishika kwanza ukingo wa meza, na mama akimuuliza, "Baba watoto, kwani unamwogopa nani?" alijibu kuwa ni upepo tu.

Alianza kuugua moyo Februari 2021, akafariki tarehe 11 Agosti 2023, saa tisa alasiri, akiwa ameushika mkono wa mdogo wetu wa mwisho, akimsihi sentensi ile isisomwe, kisha akimsihi isomwe.

Tumeogopa, lakini tunaisoma: "Mwalimu yule hakuiba, alieleza kwa kurasa sitini nilichoshindwa kukieleza kwa miaka kumi na tatu, nami nikamwogopa."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi, na wafanyakazi wenzake, pamoja na wale ambao maneno haya yamewachoma.

Nawe mwalimu, kama uko hapa, sura yako hatuijui, tasnifu yako imo kwenye mkoba wa kahawia juu ya meza hii, njoo uichukue, hatutakudai uthibitisho.

Lala kwa amani, baba, mlango ukigongwa tutafungua sisi.