Mlango wa Mnara Tuliouziba

Mgeni rasmi, Profesa Nieves Condori, uliyetoka milima ya Bolivia. Wenyeji wetu wa maonyesho. Ndugu wote: amani iwe kwenu.

KARIBU
Karibu Mobeni, Profesa. Jana ulipokuja kuukagua mnara uliuliza nani ameuziba mlango. Risala hii ndiyo jibu, na tunaona haya kulisoma.

SISI NI NANI
Sisi ni waashi kutoka Burundi, Kongo na Tanzania. Tulipewa kazi ya kujenga mfano wa ile minara ya mawe ya duara ambamo wazee wa kwenu waliwazika wafu wao. Tuliambiwa mlango uwe mdogo, uelekee macheo, na ubaki wazi ili walio hai waje na chakula, wawasalimu.

MAFANIKIO
Mnara umesimama. Mawe yote ya chini, hadi usawa wa kifua, aliyaweka fundi Libère. Jiwe likicheza kidogo tu analing'oa, hata kama ni la mwenzake, nasi tunanuna. Kichomi kilimchukua kabla hajafika juu.

CHANGAMOTO
Tulimzika Isipingo, kwenye makaburi ya hapa jirani. Kaburi lake ni tuta la udongo na kijiti chenye namba. Kwetu mtu hujengewa kaburi, na sisi waashi wazima hatujamjengea. Mama yake, Mama Gloriose, alipotuomba picha ya kaburi, yeye akiwa kwao Ngozi, Burundi, eish, tuliona aibu. Mwenzetu Papy, wa Kongo, akasema, "Huu mnara iko kama kaburi ya mfalme. Tumutumie picha yake."

Lakini kaburi lenye mlango wazi lingemshtua mama wa watu. Tukaziba kwa mawe na saruji, tukapiga picha. Alilia kwa shukrani, akatubariki mmoja mmoja kwa jina. Tunajuta, Profesa. Tumemdanganya mzazi, na desturi ya kwenu tumeiharibu.

OMBI
Mlango tutauzibua leo mbele yako. Ijumaa maonyesho yakiisha, mnara utabomolewa, mawe yatatupwa. Tunaomba yale ya Libère, tuyabebe wenyewe hadi Isipingo, tukamjengee. Wenyeji wetu watalisikia neno lako.

Tunaharakisha kwa sababu Mama Gloriose ameuza ng'ombe wake, yuko njiani kwa basi. Jumapili atafika, na amesema hataki kupumzika kwanza, apelekwe moja kwa moja kwenye mnara wa mwanawe.

Mungu awapumzishe wafu wa milima yenu, na wa kwetu pia.

Ni sisi, Waashi wa Mobeni, pamoja na Libère.
Msomaji: Scola