Pasi ya Bure

"Mita mpya ya umeme ya dukani kwangu nimeshaiweka mfukoni," fundi cherehani alimtambia dada aliyeketi naye kwenye basi. "Waya unairuka, pasi inakula bure." Mpima mashati mzima, na nembo ya shirika la umeme kwenye shati la dada hakuiona.

Dada akachungulia mita za mtaa kwenye simu yake ya kazi. "Wewe ndiye fundi wa duka la kona, siyo? Mita ya nguzoni inaona hata kinachoiruka ya kwako. Sasa hivi kuna kitu kinavuta umeme mwingi. Nani yuko dukani?"

"Nimefunga." Fundi akakauka. "Pasi. Iko juu ya suti ya bwana harusi. Kata umeme, dada yangu."

"Nikikata, kurudishiwa ni kesi ya wizi wa umeme."

Basi likasimama. Mimi, kiti cha pembeni yao, nilikuwa nacheka chini chini.

"Unacheka," mama wa nyuma akaniambia, "na waya si ulimfungia wewe?"