Bi Mashavu Twalibu na Hesabu Iliyoishia Saba

Bi Mashavu Twalibu, mwalimu wa umeme katika chuo chetu cha ufundi hapa Kibiti, anastaafu tarehe 30 Juni 2026 baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Haruna Ismaily wa stoo, niandike wasifu wake kwa maneno matamu yasiyozidi ukurasa mmoja. Utamu nimeutafuta. Kila nikiandika sentensi mbili hasira inanipanda, na nimeamua kuiacha ipande. Ukurasa nao nimeuzidisha.

Alizaliwa Salale, katika familia ya wakata mikoko. Ufundi aliuanza kwa kufungua injini ya boti ya mjomba wake bila ruhusa na kuifunga tena kabla mwenyewe hajarudi kutoka msikitini. Injini iliwaka. Skrubu mbili zilimbaki mkononi, na hadi leo anashikilia kwamba hazikuwa na kazi.

Alipofika chuoni mwaka 1993 alikuwa mwanamke pekee karakana nzima. Kwa miaka miwili kila kikao cha walimu kilipoitwa, chai ilikuwa juu yake. Mwaka wa tatu alitengeneza birika la umeme, akalifunga mezani pale ofisini, akaandika juu yake kwa kalamu nene: "Bonyeza mwenyewe." Wanafunzi wake leo wanafunga umeme kuanzia Utete hadi visiwani.

Roboti za mapambano zilimjia mwaka 2018, alipokwenda mafunzoni Dar es Salaam na kuona mashindano. Kwa wasiojua: roboti mbili ndogo, kila moja isiyozidi kilo moja na nusu, zinafungiwa ndani ya ulingo wenye kuta za plastiki ngumu. Madereva wanasimama nje na rimoti. Pambano ni dakika tatu, na roboti ikishindwa kusogea mpaka mwamuzi akahesabu kumi, imeshindwa.

Alirudi macho yanamng'aa. Kesho yake alikuja stoo kuomba dreli mbili mbovu apate mota zake. Nilimnyima. Nilimwambia stoo ya chuo si mahali pa midoli. Alikwenda kwa mafundi pikipiki na kwa wauza vyuma chakavu wa Ikwiriri, na mwezi uliofuata roboti yake ya kwanza ikatembea sakafuni. Aliiita Ngadu, kwa jina la kaa. Ilikuwa bapa kama sinia, mbele ina bamba la kupenya chini ya adui na mkono wa chuma wa kumbinua. Wiki ya pili betri ilishika moto, ikaunguza meza na ncha ya mtandio wake. Tangu siku hiyo betri zote huchajiwa ndani ya ndoo ya mchanga.

Dereva alimpata mwaka 2023: Yasmini, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka Mloka, aliyekulia akilinda mahindi ya wazazi wake dhidi ya tembo. Walimu wengine walimwona mpole mno. Bi Mashavu alisema binti aliyezoea kusimama kimya tembo akiwa hatua thelathini hawezi kupaparika na rimoti.

Mwaka huohuo tulikwenda fainali za taifa, Dar es Salaam, nami nikipelekwa kutunza vifaa. Tulishinda mapambano manne. Fainali tukakutana na shule moja ya watu wenye uwezo, ambayo roboti yake iliagizwa nje ikiwa imeshaundwa. Sekunde ya arobaini Ngadu aliingia chini yake, akaibinua. Ikalala chali, magurudumu yanazunguka hewani. Mwamuzi akaanza kuhesabu, na mimi nikahesabu naye. Alipofika saba, mtu wa kamati alimgusa bega, akamnong'oneza. Hesabu ikakoma. Tukaambiwa rimoti ya wenzetu imepata hitilafu. Ulingo ukafunguliwa, roboti yao ikageuzwa kwa mkono, ikawekewa betri mpya, pambano likaanza upya. Sisi tulikatazwa kugusa yetu. Dakika ya pili Ngadu alizimika.

Bi Mashavu alikwenda mezani kwa kamati, kitabu cha kanuni mkononi.

"Kanuni inasema hesabu ikishaanza haisimamishwi," alisema.

"Mama, kwa timu iliyotoka Kibiti, nafasi ya pili ni heshima kubwa," akajibiwa.

Rufaa ilitaka saini ya mtumishi wa chuo aliyeshuhudia, asiyekuwa kocha, ndani ya nusu saa. Tulikuwa wawili tu: mkuu wa chuo wa wakati huo, na mimi. Mkuu alisema, "Tusiwaudhi wenyeji wetu, mwakani watatualika tena," akaenda kula. Mimi nilikuwa na kalamu mfukoni. Niliutazama mgongo wa mkuu, nikaiogopa kazi yangu, na kalamu sikuitoa. Nusu saa ikapita.

Kwenye gari Yasmini alilia mpaka Mkuranga. Bi Mashavu hakulia. Alinigeukia.

"Haruna, wewe ulihesabu ngapi?"

"Saba."

"Basi ungeandika saba. Sikutaka uongeze hata moja."

Chuoni tulikuta bango getini: "Hongera Mkuu kwa uongozi uliotuletea nafasi ya pili." Jina la Bi Mashavu halikuwepo. La Yasmini halikuwepo. Bango lile lilikaa pale miezi mitano, na kila asubuhi Bi Mashavu alipita chini yake kwenda darasani. Namkasirikia mwamuzi, namkasirikia mkuu, na kuliko wote namkasirikia mtu wa stoo aliyepita chini ya bango hilohilo bila kuligusa.

Mwezi mzima hakunisemesha. Nilimpelekea dreli tatu, zote nzima, akazipokea bila kuniangalia. Kwa miaka miwili alijenga Ngadu mpya. Magurudumu yalichomoza juu na chini, ili akibinuliwa aendelee kukimbia, na mahali pa mkono wa chuma aliweka pipa dogo la chuma lenye meno, linalozunguka kwa kasi hata karakana nzima ikavuma.

Fainali ya mwaka 2025 ilitukutanisha na shule ileile. Yasmini alimwacha mpinzani apige mbio, apite, ageuke. Alipogeuka akamwingia ubavuni. Gurudumu likaruka, likagonga ukuta wa plastiki mbele ya meza ya kamati. Pigo la pili lilipasua ganda, betri ikaning'inia kwa waya mmoja. Mwamuzi alihesabu mpaka kumi, na safari hii hakuna aliyemgusa bega. Bi Mashavu aliwafuata wale watoto wa shule nyingine, akawapa mkono mmoja mmoja, akawaambia wao hawakumkosea.

Mkuu yule wa zamani ni mgeni wetu leo, na amepangiwa kiti cha mbele. Wiki hii nimeombwa niondoe aya zinazomhusu. Nilikwenda kwa Bi Mashavu, nikamsomea zote.

"Zake ziache," alisema. "Na yako usije ukaifuta."

Jumatatu nilipeleka barua kwa kamati ya mashindano, yenye saini yangu, ikieleza nilichokiona mwaka 2023. Imechelewa miaka mitatu na haitabadilisha matokeo. Karakana ya roboti inabaki kwa Yasmini, anayeanza kazi ya ualimu msaidizi tarehe mosi Julai. Bi Mashavu anarudi Salale, na tayari ameomba chumba kimoja pale shule ya msingi, awafundishie watoto roboti.

Bi Mashavu, ahsante kwa kutufundisha, hata sisi tuliokuwa wazito. Mwenyezi Mungu akupe afya na siku nyingi za furaha. Na mashindano ya mwakani njoo, ukae kiti cha mbele kabisa, karibu na meza ya waamuzi, wakuone.