Bi Chaki na Ubao wa Chumba cha Kufulia

Kama si mimi, Bi Chaki asingeijua kazi hii hata chembe. Haya, nimesema uongo: yeye ndiye aliyenifundisha hata namna ya kushika pasi. Ametumikia chumba cha kufulia cha hospitali yetu miaka thelathini na mmoja, ishirini akiwa msimamizi, na anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu.

Alipoanza usimamizi, wakubwa walitupa miezi mitatu: wodi zikiendelea kukosa shuka, chumba kinafungwa, kazi inapelekwa nje. Tulikuwa watu kumi na mmoja, kila mmoja na midomo ya kulisha. Bi Chaki akaandika ubaoni: "Wodi zote, shuka safi, kila siku." Tukashangilia. Wiki hiyohiyo tukashindwa, na kwa aibu tukaanza kuficha shuka mbichi katikati ya kavu. Muuguzi mkuu akaja na moja inayodondosha maji, akauliza kama hapa tunafua au tunavua samaki.

Mwingine angetufokea. Yeye alifuta ubao, akavuta kiti, akamuuliza kila mtu anaweza nini kwa saa moja. Mimi nikatamba: shuka arobaini! Akakaa kando yangu na saa yake mkononi. Zilitoka kumi na tisa, moja imeungua pembeni. Hakunicheka, alienda kunicheka nyumbani kwake, na mumewe.

Kesho yake ubao ulisema: "Wodi ya wazazi, vitanda ishirini na vinne, kabla ya saa sita." Basi. Tukaweza. Zilipopita siku sita bila kukosa, akaongeza wodi ya watoto. Mwezi wa tatu ulipokwisha, wodi zote saba zilikuwa na shuka kavu, na chumba hakikufungwa.

Nimeliwaza sana jambo hili, ingawa shule niliiacha darasa la nne. Lile agizo la kwanza halikuwa baya. Lilikuwa zuri mno, hatukujua tulishike wapi, ndipo tukaanza kudanganya. Mtu akijua cha kumaliza kabla ya chakula cha mchana, hana haja ya kuficha kitu.

Asante, Bi Chaki. Kapumzishe miguu, wajukuu wakuchoshe kwa raha. Ila nilikushikia zamu siku mbili bintiyo alipojifungua, ukaapa utanifanyia jambo. Jambo lenyewe hili hapa: msimamizi mpya, anayepokea nafasi yako, tayari amebandika karatasi mlangoni, "Ubora usio na kifani", na hakuna anayejua aanze na kapu lipi. Pita Jumatatu asubuhi, nusu saa tu, umuulize ni shuka ngapi.